Dodoma ni Hapo Mlangoni

Bosi wangu huipunguza Tanzania kadiri bajeti inavyoruhusu. Kinywani mwake Dodoma ni hapo mlangoni, Mbeya ni kulala na kuamka, na Kigoma huwa mbali siku anayotakiwa kwenda yeye. Ujumbe wake huingia jioni, mkono mmoja nimeshika mwiko na mwingine daftari la hesabu la binti yangu: "Kesho saa tano wizarani. Ni kwenda na kurudi. Ahsante kwa ushirikiano." Ananishukuru kabla sijakubali, ili nikikataa nionekane nimempokonya mtu mali yake.

Naomba tuheshimiane kihistoria. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Serikali, pamoja na magari yake, madereva wake na makatibu muhtasi wake, ilikuja kuhama kweli kuanzia mwaka 2016. Miaka 43 ya kufungasha! Mimi baba wa mtoto mmoja wa darasa la pili, nisiye na mtu mzima mwingine ndani ya nyumba, napewa usiku mmoja, na humo humo nipige pasi sare.

Treni nayo ndiyo imenimaliza. Enzi za basi mtu ulikuwa na hoja: siku nzima inaishia barabarani, bosi, huko kuna kulala. Tangu treni ya umeme ianze kwenda Dodoma, Julai 2024, safari haimalizi hata saa nne, na bosi amekariri ratiba kuliko wauza tiketi. Asichokijua ni kwamba gari la shule linapiga honi getini kwetu alfajiri, saa ile ile ninayotakiwa niwe stesheni nikipitisha begi kwenye mashine ya ukaguzi. Shirika la reli halina kosa hapo. Lenyewe limeleta treni, halikuahidi kuleta na mke.

Tuje kwenye fomu ya safari. Fomu ya ofisini kwetu inataka kujua madhumuni ya safari, kifungu cha bajeti, aina ya usafiri, na jina la mtu atakayekaimu dawati langu nikiwa nje. Dawati! Lile dawati lenye mguu mbovu na mashine ya kutoboa karatasi haliwezi kuachwa usiku mmoja bila kaimu. Mtoto hana kisanduku. Aliyeitunga fomu ile alikuwa na mke nyumbani, na akadhani kila mfanyakazi anaye, hata wafanyakazi wanawake.

Nikakimbilia kwenye sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inanipa baba angalau siku 3 za likizo ya uzazi, na angalau siku 4 mtoto akiugua, katika mzunguko wa miezi 36. Kwa hesabu hiyo binti yangu ana ruhusa ya kuugua siku moja na ushee kwa mwaka. Nimemfahamisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inaweka dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama yake. Wangu ana minane, mama yake yuko Mwanza na majukumu yake, tulishaelewana bila hakimu, na dhana hiyo kwetu imeshapitwa na umri.

Basi inabaki kazi ya kutafuta kaimu wa mtoto. Dada wa kazi tuliye naye ana kipaji cha utabiri: fomu yangu ikisainiwa tu, mjomba wake wa Singida anazidiwa. Jirani wa ukuta wa pili ni mwema sana, ila ana wanne wake, na binti yangu akilala huko hurudi na misamiati ambayo siwezi kuiandika hapa. Anayebaki ni mama yangu, Korogwe. Huyo haitwi kwa ujumbe wa simu. Anataka apigiwe, asalimiwe, aulizwe kuku, aulizwe goti, ndipo shida itajwe kana kwamba imekumbukwa kwa bahati mbaya. Akifika hamalizi hata maji ya kunywa kabla hajaniuliza: "Hivi baba, utaoa lini?" Ninayakubali maswali hayo. Ndiyo kodi ya kulelewa mtoto.

Dodoma kwenyewe mwili ndio unaohudhuria mkutano. Mtoa mada akifika kwenye "mnyororo wa thamani", simu inatetemeka: umeme umekata, LUKU imeisha. Nanunua chini ya meza, zinaingia tarakimu 20, na kwa kuwa mama hasomi ujumbe bila miwani, na miwani haionekani bila umeme, inabidi nimpigie nimsomee kwa kunong'ona, nne nne. "Sema kwa nguvu, baba, sikusikii!" Nikasema kwa nguvu: "Saba, saba, mbili, sifuri!" Mwenyekiti akaniuliza kama hizo ni milioni.

Kabla sijajibu, kundi la wazazi la WhatsApp linatangaza kwamba kesho kila mwanafunzi aje na ufagio wa chelewa, fulana ya njano, na nywele zilizosukwa twende kilioni. Wazazi wote wanaitikia "Sawa mwalimu" ndani ya dakika moja. Sijui watu hawa wanakaa wapi na mafulana ya njano.

Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni sifa. Wenzangu waliponiona na LUKU yangu mkutanoni walinipongeza mpaka wakati wa chai: "Baba wa mfano! Wako wachache!" Pembeni yangu alikaa mama wa watoto watatu, naye anawalea peke yake, aliyekuwa akituma hela ya daladala na kuulizia dawa ya kikohozi chini ya meza hiyo hiyo. Yeye aliulizwa, "Watoto umewaacha na nani?" Mimi napewa pongezi, yeye anahojiwa, na sote wawili tunabakizwa ukumbini hadi saa kumi na mbili jioni kwa sababu mgeni rasmi amechelewa kufunga.

Kisha yanakuja marejesho. Posho ya kujikimu inahesabu kitanda changu na sahani yangu. Nauli ya mama kutoka Korogwe, bodaboda ya kuwahi ufagio, vocha ya kusomea tarakimu: vyote hivyo mhasibu anataka risiti ya EFD. Nimfungie mama yangu mashine?

Sidai makubwa. Nataka niambiwe siku tatu kabla, na kwenye fomu kiongezwe kisanduku kimoja, kiwe chini ya kile cha dawati, sitagombea nafasi.

Wakati ofisi inatafakari, nyumbani mambo yamenitangulia. Juzi binti yangu aliniuliza, "Baba, ukilala Dodoma unalipwa?" Nikasema ndiyo, ile ndiyo posho. "Na mimi ninayelala bila wewe?" Nikaanza kumweleza habari za ada na uji wa lishe. Bibi yake akadakia kutoka jikoni kwamba swali halijajibiwa. Tumeafikiana hivi: mtoto atapata chipsi kuku kwa kila usiku, bibi kitenge kwa kila safari, malipo yafanyike kabla sijaondoka, na hakuna atakayedaiwa risiti. Posho yangu huingia nikiwa nimeshasahau nilikwenda wapi. Wao, mpaka leo, hawajawahi kucheleweshewa.