Dakika Tano Kutoka Lami

Mjomba wangu alikuwa dalali wa nyumba Mbagala kwa miaka mingi, na kauli yake ya kazi ilikuwa moja: "Dakika tano tu kutoka lami." Wateja waliotembea naye hizo dakika tano walifika viatu vimebadilika rangi. Niliondoka Dar nikishukuru kwamba nimewakimbia madalali. Nikatua Stockholm, mji usio na dalali wa aina yake, ndipo nikaanza kuwakumbuka.

Huku nyumba ya kupanga haitafutwi, inangojewa. Jiji lina foleni yake, wenyewe wanaiita bostadskö, ilianza mwaka 1947 na leo ina watu zaidi ya 800,000. Ukifikisha miaka 18 unajiandikisha, unalipa krona 200 kwa mwaka, kisha unahesabiwa siku. Ukisahau kulipa, siku zako zote zinafutwa, unaanza upya pamoja na waliotua jana. Mimi ninazo 2,611. Nazihesabu kama Msukuma anavyohesabu ng'ombe, ila za kwangu hazitoi maziwa. Kwa wastani watu husubiri miaka tisa hivi. Ukitaka kule katikati, Vasastan au Östermalm, inapita kumi na tano, na hapo unaomba nyumba huku unaomba na uhai.

Nilimweleza Mjomba kwa simu.

"Sasa si umpe huyo mwenye foleni hela ya soda?"

"Mwenye foleni ni kompyuta, Mjomba."

Akaguna. "Basi nunua."

Nikamweleza kwamba fleti nyingi hapa hununui fleti yenyewe. Unanunua haki ya kukaa ndani yake, na kila mwezi bado unakilipa ada chama cha wakazi wa jengo.

"Yaani unanunua halafu unapanga?"

Nikasema ndiyo. Simu ikakatika, na mpaka leo sijui kama ni mtandao.

Wakati foleni inasota, watu wa aina yangu tunaishi andrahand, yaani mkono wa pili. Kwa Kiswahili cha Manzese, nyumba ya mtumba. Mwenye mkataba anakupangisha chumba au fleti kwa muda, na mlangoni jina lako linabandikwa kwa selotepu juu ya jina lake. Nimehama mara sita kwa miaka mitano, na godoro lilelile na sufuria lilelile la pilau. Mama mmoja alinikataza kukaanga samaki. Mwingine mwanawe alirudi kutoka Australia bila kutarajiwa, na selotepu yangu ikabanduliwa kabla sijamaliza kufungasha.

Nikaona nitoke mjini kabisa, nitafute nafuu pembeni. Nikaona tangazo la fleti Flen, kodi ya kibinadamu, na chini limeandikwa kwa Kiswidi: "Karibu na Stockholm." Nikapanda treni. Nikaona msitu, ziwa, ng'ombe, msitu, ziwa lingine. Baada ya saa zima nikashuka. Mwenye fleti akanipokea kwa tabasamu, akasema wala si mbali, ni saa moja tu. Nikaitambua sauti ile. Ilikuwa ya Mjomba, imevaa kofia ya sufu. Nikapiga hesabu: ile tiketi ya mwezi ya Stockholm haifiki huko, na nauli ya kwenda kazini ingekula nafuu yote ya kodi. Nikageuza na treni ileile.

Hapo ndipo akili ilipokuja. Tangu Januari 2017 mkoa wa Stockholm umefuta kanda za nauli, tiketi ni bei moja popote. Kwa hiyo ukiwa maskini, kaa mbali uwezavyo bila kuvuka mpaka wa mkoa. Ndivyo nilivyoangukia Norsborg, mwisho kabisa wa njia nyekundu ya treni ya chini ya ardhi, kwenye maghorofa ya ule mradi wa 1965 hadi 1974, serikali ilipoazimia kujenga nyumba milioni moja kwa miaka kumi. Nchi wakati huo ilikuwa na watu wasiofika hata milioni tisa. Na unadhani walijenga kwa nini? Foleni ilikuwa ndefu.

Wenzangu kazini wanaokaa mjini wakisikia Norsborg huniuliza, "Kuko salama lakini?" kwa sauti ileile ambayo mtu wa Masaki humwulizia mtu wa Mbagala. Nawajibu kwamba nina kitu wasichonacho. Kule Mbagala Rangi Tatu watu hugeuza na daladala, wanalipa nauli mara mbili, wapate pa kukaa. Mimi asubuhi naingia behewa tupu, nachagua siti ya dirishani kama bwana harusi. Jioni nalala usingizi wa pono wala siogopi kupitiliza, maana baada ya Norsborg hakuna kituo.

Juzi kijana mmoja mgeni kutoka Mwanza, mwanafunzi, kaniandikia kuuliza kama mtaani kwetu kuna chumba cha mtumba, na kama kituo kiko mbali. Nikachungulia dirishani. Theluji, kilima, ngazi zilizoganda, halafu kilima kingine.

Nikamjibu: "Dakika tano tu, mdogo wangu."