Sarafu Moja, Tusubiri Kidogo

Itifaki ya sarafu moja ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, ikaahidi noti mpya ifikapo 2024. Mwaka ukaja, ukapita. Sasa tunaambiwa 2031. Wakati huohuo mchuuzi wa Mbale anayefuata bidhaa Kenya hana budi kusimama Malaba, mbele ya wabadilisha fedha wenye mabunda mikononi, wamege chao akienda na wamege tena akirudi. Wataalamu watasema haraka haraka haina baraka: mifumuko ya bei ilingane kwanza, yasije yakatukuta ya Ugiriki ndani ya euro. Sawa kabisa, ila haraka ipi? Jinja ilitumia shilingi moja na Mombasa na Dar es Salaam tangu miaka ya 1920. Ya mkoloni, naam, lakini ilipita dukani.

Na kama noti ni ngumu, likizo ya uzazi ya baba haihitaji benki kuu. Aliyejaliwa mtoto Jinja hupewa na Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 siku 4 za kazi. Mwenzake wa Kisumu, wiki 2. Waheshimiwa, pesa zikiwashinda kuunganisha, tuunganishieni basi hata ubaba.