Wasifu wa Se, Kijineno Kisicholipa Deni

Wako wanaokisifu Kihispania kwa ajili ya Cervantes, na wako wanaokisifu kwa irabu zake tano, ambazo Mswahili huzitamka bila ulimi kuteguka. Se, kijineno cha lugha hiyo hiyo, haina wa kuisifu, na dhuluma hiyo imedumu vya kutosha. Sizungumzii se ya mtu anayejiosha au anayejitazama kwenye kioo. Hiyo ina kazi halali na haihitaji wakili. Nazungumzia ile inayojipenyeza pale ambapo kanuni yenyewe ilikwisha kuahidi neno jingine. Mwanafunzi amefundishwa kwamba kitabu kinachotolewa huwakilishwa na lo, na mtu anayepewa huwakilishwa na le. Anaviunganisha kwa uaminifu ili aseme nilimpa kitabu hicho: le lo di. Anaambiwa amekosea, sahihi ni se lo di. Akiuliza sababu, mara nyingi hujibiwa kwamba le na lo zikifuatana zinakera masikio. Jibu hilo linatoka katika lugha yenye neno lelo, maana yake mpumbavu, ambalo hutamkwa bila sikio la mtu kuumia.

Sababu ya kweli ni tamu kuliko hiyo ya masikio. Katika zama za kati Wahispania walisema gelo, umbo lililotokana na Kilatini, na ge hiyo ilikuwa na haki zote za kusimama badala ya mtu anayepewa. Baadaye sauti za lugha zilibadilika, ge ikakaribia mno kusikika kama se, na kufikia karne ya 16 se ilikuwa inaimeza. Kwa hiyo haikuomba cheo wala haikuteuliwa. Ilifanana na mwenye cheo, ikakalia kiti. Na tazama ilivyokikalia kwa utulivu! Real Academia Española, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1713 ili kuisimika lugha, imehangaika na ndugu zake kwa vizazi: mwaka 1796 ilitangaza kwamba le peke yake ndiyo sahihi kwa mtendwa wa kiume na kuikataa lo, kisha ikajirekebisha, na sarufi yake ya mwaka 1854 ikazikubali zote mbili. Katika vurumai hiyo se haikuitwa hata kutoa ushahidi.

Watasema wapinzani kwamba se inaficha mambo. Ni kweli, na huo ndio uungwana wake. Se lo dije yaweza kuwa nilimwambia yeye wa kiume, yeye wa kike, wewe ninayekuheshimu, wao, au ninyi. Kama mshenga mwenye adabu, inapeleka maneno bila kutaja yamekwenda nyumba gani. Anayetaka kujua aongezewe a ella au a ustedes mwishoni. Hapo mpinzani anadhani ameshinda: ikiwa mhusika atatajwa hata hivyo, se ni ya nini? Swali hilo lingefaa kuulizwa na mtu mwingine, si sisi. Tunasema nilimpa Asha kitabu, Asha yupo mzima baada ya kitenzi, na bado tunamtanguliza kwa m. Ukiiondoa, sentensi inachechemea. Tena sisi kitenzi chetu kina nafasi ya mtendwa mmoja tu, kwa hiyo kitabu kinaachwa nje. Mhispania anawaingiza wote wawili, mtu na kitu, kisha anawahamisha kwa kanuni: no se lo des ukikataza, dáselo ukiamuru, na alama ya mkazo juu kuthibitisha kwamba uhamisho umefanyika. Mwanafunzi hulalamika kuhusu safari hizo. Ajue tu kwamba mpangilio haubadiliki popote zinapokwenda: se mbele, lo nyuma.

Kuna shtaka moja zito zaidi, na limeletwa na wenye lugha. Sehemu kubwa ya Amerika, mtu aliyewaambia watu wengi jambo moja husema se los dije. Wingi wa wasikilizaji haukupata mahali pa kukaa kwenye se, ambayo haibadiliki kwa idadi, basi ukabandikwa kwa jirani. Wanasarufi wakali huguna, na kwa hesabu zao wana haki: jambo lililosemwa ni moja, s hiyo si yake. Lakini angalieni ni nani anayekamatwa. Lo ndiyo inayosimama kizimbani ikiwa imevishwa s isiyoihusu, huku se iliyosababisha yote ikiwa palepale pa kwanza, haina jinsia, haina idadi, na wala haijaulizwa swali.