Likizo ya Kilo Arobaini na Sita

Mkanda wa sidiria ulikuwa unaning'inia kwenye mfuko wa kushoto wa koti, rangi ya zambarau, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuuona. Waliotangulia kuuona ni askari aliyekuwa akigonga mihuri ya pasi uwanja wa ndege wa Istanbul, wazee wawili wa Kijapani waliokuwa nyuma yangu, na mama mmoja wa Makorora, Tanga hii hii, ambaye kwa bahati yangu alikuwa anarudi na ndege ile ile na simu yake ina kamera nzuri. Tulipotua Dar es Salaam picha ilikuwa imeshafika Chumbageni, mtaani kwetu. Sasa nikikatiza pale kwenye kahawa, mmoja hukohoa, na mwingine huuliza kwa upole kabisa, "Yakhe, zambarau zimekwisha?"

Sidiria si yangu. Naliweka hili kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo halijanisaidia. Ni ya Shangazi, na haikuwa peke yake. Tiketi yangu iliruhusu masanduku mawili, kila moja kilo 23. Mizani ikasema sanduku la kwanza lina 31. Binti wa kaunta hakugombana nami. Alinyoosha tu kidole chake chenye rangi ya kucha kuonyesha sakafu, maana yake nikafungulie pale chini. Nikapiga magoti. Nyuma yangu foleni ya watu wa dunia nzima ikanyamaza, wakapata cha kutazama: birika la orofa mbili la kupikia chai, vitambaa vya pazia, chupi za watoto kwenye makaratasi yake, na zile sidiria, ambazo zikitoka kwenye mfuko wake hufunguka zenyewe kwa furaha. Yule mama wa Makorora, aliyebobea katika safari hizi, aliniinamia akaninong'oneza kama nesi: "Vaa, mwanangu. Mwilini hawapimi." Nikavaa. Makoti mawili ya ngozi, moja juu ya jingine, na kila mfuko ukapewa kazi.

Mimi nilikwenda kupumzika.

Niseme wazi kwamba lawama ya kwanza ni ya Sultan. Azam walipoanza kutuonyesha ile tamthilia iliyotiwa sauti za Kiswahili, mtaa wetu ulikuwa ukitulia magharibi ikishapita. Suleiman alikuwa anaongea Kiswahili safi kuliko diwani. Nikajiambia, ipo siku nitakwenda kuyaona hayo majumba, nikae kando ya Bosphorus, ninywe chai, nisiulizwe na mtu. Nikaweka akiba. Siku nilipotangaza safari pale kwenye kahawa, hakuna aliyeuliza nakwenda kuona nini.

"Unafuata za kike au za watoto?"

"Nakwenda likizo."

Wakanywa kahawa kidogo. Kisha mzee mmoja akasema, "Sawa. Lakini mzigo utatuma kwa ndege au kwa meli?"

Kwa watu wetu Uturuki ni nguo. Mwenye duka Kariakoo akikwambia shati hili la Uturuki, hiyo ni sifa na pia ni bei. Kuna wanaowajua Waturuki kwa reli, maana kampuni yao ya Yapı Merkezi ndiyo iliyojenga reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma, lakini hata hao hawaelewi mtu mzima, mwenye akili zake, akaingie Istanbul atoke mikono mitupu, eti ameona msikiti. Misikiti hapa imekwisha?

Kikao cha kuchagua nitakapofikia kilifanyika sebuleni kwa Shangazi bila mimi kukiitisha. Nilikuwa nimejisomea. Nilitaka Kadıköy, upande wa Asia, ambako wenyeji wenyewe hutoka jioni kula na kutembea, na ukitaka kuvuka unapanda kivuko. Au basi Sultanahmet, mlango kwa mlango na Hagia Sophia. Binamu yangu akapendekeza Antalya, kuna ufukwe mzuri. Shangazi akaweka kikombe chini. "Bahari? Baba, utoe dola uende kuangalia bahari? Raskazone imekauka?" Antalya ikafa hapo hapo. Cappadocia, kule watu wanakopaa alfajiri ndani ya kapu la baluni, ilikataliwa kwa kura zote, pamoja na yangu. Mwishowe Shangazi, ambaye hajawahi kupanda ndege, akaamua kwa sauti ya mtu aliyezaliwa huko: "Utakaa Laleli. Tramu inapita hapo hapo, na maduka yapo chini ya hoteli." Sijui aliyajuaje haya. Nikaangalia ramani, ni kweli tupu.

Kabla ya Laleli kulikuwa na viza, na hapa sitacheka sana. Ukiwa na pasi ya kawaida ya Tanzania, Uturuki wanayo viza ya mtandaoni, ya kuingia mara moja, ilimradi uwe tayari na viza au kibali cha ukaazi cha nchi za Schengen, Marekani, Uingereza au Ireland. Yaani Mturuki atakukaribisha kwake baada ya kuhakikisha kwamba Mjerumani amekukaribisha kwake. Huna? Basi beba makaratasi uende Dar es Salaam: taarifa ya benki, barua ya mwajiri, tiketi ya kurudi, hoteli, bima. Dirishani kijana mwenye tai, Mtanzania mwenzangu, akayapekua, kisha akaniuliza, "Nini kitakachokurudisha Tanga?"

Nilitaka kumjibu. Mji wetu ndio unaosemwa Tanga waja leo waondoka leo. Sisi ndio tuliozoea kuwahesabia wageni siku zao za kuondoka, na hapa nimesimama naombwa ushahidi kwamba nitarudi kwetu. Hati ya kiwanja? Watoto? Madafu? Mturuki akitaka kuja kuiona Tongoni au kupanda Usambara, analipa dola 50, anapewa viza akishuka kwenye ndege, na hakuna wa kumtaka barua ya bosi wake. Yeye ni mtalii tangu anazaliwa. Mimi ni lazima kwanza nithibitishe kwamba si mtoro. Na pesa ya maombi, ukikataliwa, hairudi, ingawa wanaoichukua ndio hao hao wanaotaka uhakika kwamba wewe utarudi. Viza nilipata. Kinyongo nacho ninacho, na hakina tarehe ya kwisha.

Sasa Laleli. Shangazi alitaka gauni moja tu la harusini, namba 44, kijani ya jani la mgomba. Nikashuka asubuhi kwa dhamira ya kulimaliza haraka ili niwahi kasri la Topkapı. Duka la kwanza wakanitazama kama niliyeomba nusu ya yai. La pili hivyo hivyo. La tatu kijana mmoja akanihurumia, akanieleza kwa Kiingereza cha kuokoteza na kikokotoo: hapa gauni haliuzwi. Inauzwa seri. Seri ni fungu, gauni hilo hilo kwa namba zote, 36, 38, 40, 42 na 44, limefungwa pamoja, na bei iliyobandikwa ni ya gauni moja ila huwezi kulinunua moja.

Ningekasirika, lakini nikamuuliza kwa nini, na hapo ndipo likizo yangu ilipoishia, maana alijua kueleza. Kiwandani kitambaa hutandazwa kwenye meza ndefu, tabaka juu ya tabaka. Juu yake huwekwa karatasi yenye michoro ya vipande vya namba zote kwa mpigo, na ufundi wote umo humo: mkono wa 36 unapachikwa kwenye upenyo ulioachwa na kwapa la 44, kola ya huyu inalala kiunoni mwa yule, hata pasipotee kitambaa cha upana wa kiganja. Kisu kikipita mara moja, zinashuka gauni za namba zote pamoja. Zimezaliwa pamoja. Ukinichomolea 44 yangu, mwenye duka anabaki na fungu lenye pengo, na mwenzake wa Kariakoo, au wa Kampala, au wa Kiev, hataki fungu lenye pengo. Ndiyo maana, akaniambia, ukiona duka lolote duniani mwisho wa msimu limebakiwa na nguo za mtoto wa shule na za bibi kizee tu, ujue katikati ya seri kumeshaliwa.

Nikamwomba anionyeshe fungu lililofungwa. Akanionyesha. Nikauliza mbona vibao vingi vina Kirusi. Kumbe mtaa wenyewe umekuzwa na masanduku: Muungano wa Sovieti ulipovunjika mwaka 1991, walimu na wahandisi waliokosa mshahara kule kwao walikuja Istanbul na mabegi makubwa, wakanunua nguo walizoweza kubeba, wakarudi kuziuza. Wenye maduka wakajifunza Kirusi ili wale. Baadaye tukaja na sisi, na kijana huyu alijua kuhesabu kwa Kiswahili hadi ishirini bila kujua hata salamu. Kesho yake asubuhi, badala ya kwenda kumtembelea Sultan, nilirudi nikakaa kwenye kigoda mbele ya ofisi ya kargo kutazama wanavyofunga mizigo: nguo zinashindiliwa mfukoni kwa magoti, utepe unazungushwa mpaka mfuko unakuwa mgumu kama jiwe la pwani, mtu anaandika kwa kalamu nene DAR, unakwenda kwenye mizani. Unalipa kwa kilo. Niliona raha ambayo siwezi kuieleza mbele ya watu waliosoma. Nilipoikumbuka Topkapı ilikuwa Jumanne, na Jumanne Topkapı hufungwa.

Kargo wasingenisaidia. Mzigo wangu ulikuwa mdogo mno kwao, na harusi ilikuwa karibu. Nikanunua seri nzima, gauni tano za kijani, nikazitia sandukuni. Hapo ndipo simu ilipoanza kuingia ujumbe. Mke wa mjomba, birika. Jirani, pazia. Mtu ambaye hatujasemezana tangu uchaguzi, makoti ya ngozi, "mawili tu, ndugu yangu". Na Shangazi, usiku, kwa ujumbe wa sauti alioutuma akinong'ona ili mumewe asisikie, zile za zambarau.

Usiku wa Istanbul nilijipa kwa nguvu. Nilikwenda Eminönü, nikagusisha kadi, nikapanda kivuko cha Kadıköy. Ni karibu dakika ishirini za kuvuka bara, chai inapitishwa kwenye vigilasi vyembamba kiunoni, shakwe wanaruka ubavuni wakisubiri mkate. Upande wa pili inatokea stesheni ya Haydarpaşa, jumba zito lenye miguu majini, iliyochorwa na Wajerumani. Wale wale walioanza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, nikajihisi nimekutana na mtu wa nyumbani. Kwa muda ule nilikuwa mtalii kamili. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Nikarudi na kupanda hadi Beyoğlu. Barabara ya İstiklal usiku ina watu kuliko Mkwakwani siku Coastal Union wanacheza na Simba. Tramu nyekundu ya kizamani, wauza chestnati, na kwenye kichochoro cha Nevizade meza zimebanana na watu wazima wanaimba kwa macho yaliyofumbwa, vinanda juu ya vichwa vyao. Nimesimama pale najaribu kuuonja ulimwengu, mkono ukanigusa begani. Mzee nadhifu, masharubu yamechanwa.

"Afrika? Tanzanya?"

Ndiyo.

"Kargo?" Akanipa kadi.

Niliipokea. Tena nikamuuliza anaanzia kilo ngapi. Tukaagiza chai, tukajadiliana bei mpaka waimbaji wakaenda kulala, na nakiri nilimshusha vizuri, kwa mzigo ambao sina.

Hamamu: niliingia mweusi, nikatoka mweusi, ila nimepungua. Msikiti wa Süleymaniye: Hurrem, mke wa yule Suleiman wa tamthilia, amezikwa pale tangu 1558, nikamwombea dua kwa niaba ya mtaa mzima. Paka wa Istanbul wanakula vizuri kuliko nilivyokula mimi.

Nilifika Chumbageni nimevaa makoti mawili, joto la Machi, pikipiki ya kunitoa stendi ikinipitisha mbele ya kila mtu. Shangazi alinipokea kwa pole na maji baridi, akafungua sanduku kabla sijayamaliza. Namba 44 haikumpita mabegani. Hakutaharuki. Alizining'iniza gauni zote tano kwenye kamba ya uani, akawaita wenzake waje kunywa chai, na magharibi ilipoadhiniwa kamba ilikuwa tupu na yeye alikuwa anahesabu noti.

Kisha akachukua kalamu. Akanitaka nimtajie tiketi, viza, hoteli, chakula. Akajumlisha nyuma ya kadi ya harusi, akatoa kile alichouza, akaigeuza karatasi nione.

"Umekula hasara, baba."

"Shangazi, ile ilikuwa likizo."

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Basi mwakani kapumzike Guangzhou. Nasikia kule wanakuuzia hata moja moja."