Waheshimiwa wa Sheria za Soka, Tufanyeni Mipira

Kwa wajumbe wa IFAB, bodi ya sheria za soka,

Shikamooni. Chombo chenu kipo tangu 1886, kwa hiyo salamu hiyo ni haki yenu.

Tunaomba, kwa unyenyekevu, mchezaji apandishwe cheo awe mpira.

Sheria ya 2 imeupa mpira heshima tunayoionea wivu. Kabla ya mechi unakaguliwa: mzingo sentimita 68 hadi 70, uzito gramu 410 hadi 450, upepo wa kutosha. Ukipasuka, filimbi inalia na unaletwa mwingine. Hakuna kocha anayeuinamia na kuuliza, "Vipi, utamalizia kipindi?" Hakuna anayeumwagia maji, akaupulizia dawa, kisha akausifu kwa moyo wa kishujaa. Wala ukitolewa hakuna shabiki anayeuita mdebwedo.

Sisi tukipigwa goti kichwani, wenzetu wanapunga mikono kumwita daktari, wengine wanalia. Mwalimu anatazama saa, halafu benchi. Mwaka 2013, pale Goodison Park, kipa wa Tottenham, Hugo Lloris, alizimia alipogongwa na goti la Romelu Lukaku wa Everton. Alipozinduka akataka kuendelea, naye kocha wake André Villas-Boas akamwacha acheze, kisha akamsifia uimara. Uimara! Mtu ametoka kuzimia sasa hivi, ndiyo mnamwuliza yeye kama akili zimetimia? Atasema nini, na kando ya uwanja kuna mwenzake anapasha misuli akiitaka namba hiyohiyo? Huo si ushujaa, ni hofu ya kukosa mkate. Mnaijua, na mnaitumia.

Tuwieni radhi. Tulikuwa kwenye mpira.

Pia mwamuzi atembee na ratiba mfukoni, maana kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2014 Christoph Kramer wa Ujerumani, akiwa amegongwa kichwani na bado anacheza, alimwuliza mwamuzi kama ile ni fainali. Na sponji ipewe leseni ya udaktari. Kazi inaifanya muda mrefu.

Lile la kumtoa aliyeumia kwa muda ili apimwe kwa utulivu, mwingine akimshikia nafasi, hatulirudii. FIFPRO, umoja wa vyama vya wachezaji, waliliomba, na Januari 2023 hamkuafikiana hata kulijaribu. Tunajua mna shughuli nyingi.

Kuhusu vipimo, tunakiri kichwa cha mtu mzima kwa kawaida hakifiki sentimita 68. Lakini msiwe na wasiwasi: kikigongwa, huvimba.

Wenu watiifu,
Wachezaji kumi na mmoja, pamoja na wa akiba