Deni Linahama, Bahasha Inabaki

Kuhamisha mkopo wa nyumba kutoka benki hii kwenda ile yenye riba nafuu ni jambo dogo sana. Ndivyo asemavyo afisa mikopo: deni lako linanunuliwa, makato yanashuka, weka sahihi hapa.

Ukishaweka, orodha inatoka kwenye mtoto wa meza. Barua ya mtendaji wa mtaa kuthibitisha kwamba unaishi Mandewa, Singida, ingawa dhamana yenyewe ni nyumba yako ya Mandewa. Namba ya NIDA. Hati ya mshahara. Picha za pasipoti, zako na za mwenzi, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuwekwa rehani bila ridhaa yake. Hilo naliunga mkono. Kuna waume wangeweka rehani hadi kuku wa mama watoto. Kisha cheti cha ndoa kigongwe mhuri na wakili, ambaye huitazama noti kwanza, cheti baadaye.

Hati miliki sasa. Benki ya zamani haiiachii mpaka ilipwe. Benki mpya hailipi mpaka iione. Wewe uko katikati, Singida mjini, upepo unavuma, bahasha ya kaki umeibana kwapani.

Mabenki nayo hukopa ili kugharamia mikopo ya nyumba yaliyokwisha kutoa. Kampuni ya TMRC ilianzishwa 2010 kwa kazi ya kuyakopesha. Sijasikia mkurugenzi wa benki akirudishwa kwa mtendaji wa mtaa kwa kuwa mhuri umefifia.