Baraza la Nasaha: Miezi Minane ya Njombe

*Mheshimiwa Mshauri, mimi ni karani wa ghala. Nimepata kazi ya mkataba wa miezi minane, Mei hadi Disemba, katika ujenzi wa barabara huko Njombe. Nina mke na watoto wawili, mmoja wa miaka mitatu na mmoja wa miezi saba. Mama mkwe anasema kazi ya muda haihamishi nyumba, niende peke yangu. Nifanyeje? — Mwenye Mashaka, Ngamiani, Tanga*

Ndugu Mwenye Mashaka, waraka wako nimeupokea kwa taadhima, na nililolitambua mara moja ni kwamba habari ya mama mkwe umeieleza, ilhali habari ya kodi ya nyumba hukuigusa hata kwa neno moja. Dalili ya mtu anayemwogopa asiyestahili kuogopwa. Dalali atakayekupokea atachukua ijara ya kodi ya mwezi mzima kwa taabu ya kukuonyesha mlango, na mwenye nyumba, ambaye katika mambo mengine huenda akawa mtu mwenye haya nyingi, atataka umtangulizie miezi sita. Kisha hiyo ikiisha, nawe umebakiwa na miwili tu, atakudai sita mingine, maana hesabu yake haina habari na mkataba wako. Mwonyeshe mkataba kabla hujafungua mfuko, mwandikiane minne kwa minne, na akikataa tafuta chumba na sebule kwa mwenye nyumba anayeishi uani humo humo, kwani mtu aliyesikia kilio cha mwanao usiku huona haya kudai fedha za miezi ambayo hutakuwapo.

Ama ahali yako, nenda nao. Miezi minane kwako ni kibarua, lakini kwa mtoto wako mdogo ni muda unaozidi umri wake wote aliokwisha kuishi. Ukimwacha anatambaa utamkuta anatembea, naye hatua zake za kwanza kukuona atazitumia kukukimbia. Ila uende kwa hadhari. Sisi watu wa pwani hudhani tunaijua baridi kwa kuwa kusi imetuvumia alfajiri, na mji wa Njombe, ulioinuka karibu mita 2,000 juu ya bahari, hutusahihisha dhana hiyo mwezi wa Juni na Julai. Nunua mablanketi ya mtumba bila kuona aibu. Lakini jiko la mkaa lisilale chumbani mlango ukiwa umefungwa, hata usiku mmoja, hata mtoto akitetemeka: mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mgeni wa baridi, ambaye kwao hakupata kulala na moto ndani, hana wa kumwonya. Katika waraka huu wote, hili ndilo nisilolitia mzaha.

*Mshauri, mume wangu kakuandikia, nami nakuandikia. Yeye ataka tuchukue mabegi mawili. Mimi nataka mbuzi yangu ya kukunia nazi, kabati la vyombo na kitanda cha marehemu bibi. — Mke wa Mwenye Mashaka*

Bibi, chukua mbuzi, uache kabati. Minazi haioti kule, na nazi utakayoikuta sokoni imekwisha kupanda mlima Kitonga kwa lori na itakutoza nauli yake. Kwa hiyo utakuna mara chache, na siku zilizosalia utajifunza viazi na maparachichi, ambayo kule ni neema. Kitanda cha bibi hakikupata kuomba kusafiri. Lakini kadi ya kliniki isitiwe ndani ya sanduku chini ya basi: mwanao atatimiza miezi tisa mwezi wa Julai, ndiyo miezi ya chanjo ya kwanza ya surua, na muuguzi wa Njombe ataisoma kadi ya Tanga bila taklifu, maadamu ipo mkononi. Yule wa miaka mitatu mwamshe mkifika Mikumi, barabara inapokata hifadhini, huenda akaona tembo. Kitonga mwache alale. Nawe ukifika, watu wakikuambia “kamwene”, umekwisha kusalimiwa. Itika, ndipo uulize bei.

*Nimesikia mkwe wangu anakuandikia. Usimjibu. — Mama Mkwe*

Mama, shikamoo. Waraka wako umefika nami nimekwisha kumjibu, na lawama hiyo nairudisha kwa posta. Walakini nakuona una haki moja: hakuna aliyesema nani atampakata mtoto mama yake anapotafuta soko katika mji asioujua. Panda basi pamoja nao, ukae mwezi wa kwanza. Chumba ni chao, sebule ni yako, na mkweo, kwa kuona haya kupita mbele yako ungali umelala, atajifunza kutoka kwenda kazini kabla ya adhana ya alfajiri, tabia ambayo mwajiri wake hatailalamikia.

*Wakiondoka, mwembe wao wa uani utakuwa chini ya uangalizi wa nani? — Jirani Mwema*

Jirani Mwema, mkataba wao unakwisha Disemba, na maembe ya pwani huanza kuiva Novemba. Hesabu hiyo naona uliimaliza kabla hujanunua stempu.